Je, Missy Elliott ni zao la mikono ya Timbaland?

Swali la msomaji: Shikamoo Mwalimu. Mimi na kaka yangu tuna ubishi wa miezi mitatu sasa. Yeye anashikilia kwamba Missy Elliott, yule rapa wa Marekani, asingekuwa lolote bila midundo ya prodyuza Timbaland, na ushahidi wake mkubwa ni kwamba hajatoa albamu kamili tangu mwaka 2005. Mimi nakataa, ila nikibanwa nitoe hoja nabaki kusema tu kwamba namkubali. Tumewekeana kreti moja ya soda na tumekubaliana kwamba wewe ndiye utakayeamua. Naomba utueleze safari yake ya kurekodi ilikuwaje hasa. (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Marahaba, binti yangu. Kaka yako ameshika jambo moja la kweli, na ni haki tumpe kabla hatujaanza kumpinga. Albamu mbili za kwanza za Missy Elliott, ya mwaka 1997 na ya mwaka 1999, zimejengwa juu ya midundo ya Timbaland, na hakuna mtu anayefahamu muziki huo anayeweza kuzizungumzia bila kumtaja. Anapokosea ni pale anapodhani kwamba mdundo ndio wimbo. Mdundo ni kiwanja. Bado lazima awepo mtu wa kuamua ni nyumba gani ijengwe juu yake, milango iwe upande gani na sehemu gani ibaki wazi. Katika nyimbo hizi mtu huyo alikuwa Missy, na kazi hiyo alikuwa ameshaifanya kwa miaka kadhaa kabla dunia haijalisikia jina lake.

Melissa Arnette Elliott alizaliwa tarehe 1 Julai 1971 katika mji wa Portsmouth, jimbo la Virginia, mji wa bandari ulio mbali na New York na Los Angeles, ambako biashara ya muziki wa Marekani inaendeshwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alikuwa na kundi la wasichana lililoitwa Fayze, na rafiki yake wa huko huko Virginia, Timothy Mosley, ndiye aliyekuwa akiwatengenezea midundo. Jodeci, waliokuwa wakitamba wakati huo, walipofika mkoani kwao kutumbuiza, wasichana hao walipata nafasi ya kumwimbia DeVante Swing, mtunzi na mtayarishaji wa kundi hilo. Alivutiwa, akawachukua. Sasa mwambie kaka yako asikilize vizuri hapa: Missy alipoondoka kwenda New York, yeye ndiye aliyemchukua Mosley, pamoja na rafiki yao Melvin Barcliff ambaye baadaye aliitwa Magoo. Jina lenyewe la Timbaland, lililotoholewa kutoka kwenye aina ya viatu vya buti, Mosley alipewa na DeVante baada ya kufika huko. Kwa hiyo kama tunataka kuuliza nani alimshika mkono nani, mwanzoni kabisa jibu ni kinyume cha linalosemwa vijiweni.

Kundi la Fayze likabadilishwa jina likawa Sista, likaingizwa katika kambi ya DeVante iliyoitwa Swing Mob. Ndani ya kambi hiyo walikuwamo vijana wengi waliokuja kuwa na majina makubwa, Ginuwine na Tweet wakiwa miongoni mwao. Sista walirekodi albamu nzima, wakatoa singo moja mwaka 1994, kisha albamu ikawekwa kabatini. Jambo hili huwatokea wasanii wengi kuliko mashabiki wanavyofahamu. Katika mikataba ya aina ile kampuni ndiyo inayogharamia studio, na kwa sababu hiyo ndiyo inayomiliki kilichorekodiwa, hivyo ikiamua kutokitoa msanii hana la kufanya, hana hata ruhusa ya kwenda nacho kwingine. Missy alikuwa na miaka 23 hivi, ana albamu nzima iliyokamilika, na hana albamu.

Kuna tukio jingine la miaka hiyo ambalo kwangu mimi lina uzito zaidi, na yeye mwenyewe amelisimulia hadharani. Mwaka 1993 alishiriki kuandika wimbo wa Raven-Symoné, mtoto aliyekuwa akijulikana kupitia televisheni, na ndani ya wimbo huo yeye Missy akachana mistari kwa sauti yake. Video ilipotoka, mahali pa sauti yake alionekana mwanamke mwingine, mwembamba na mwenye ngozi nyeupe zaidi, akichezesha midomo. Sauti walikuwa wameipenda. Mwili ndio hawakuutaka. Msanii mwingine angeacha muziki, au angejitesa ili afanane na yule wa kwenye video. Missy aliumia, kisha akachagua njia ya tatu ambayo ndiyo iliyoamua sura ya kazi yake yote: akawa mwandishi wa nyimbo za watu wengine.

Inafaa nieleze kidogo mwandishi wa nyimbo analipwaje, maana bila hilo hutaelewa kwa nini uamuzi huo ulikuwa wa akili. Wimbo uliorekodiwa una haki za aina mbili. Iko haki ya rekodi yenyewe, ambayo kwa kawaida hushikwa na lebo, na iko haki ya utunzi, yaani maneno na melodi, ambayo huanzia mikononi mwa mtunzi. Mwimbaji anaweza kuuza maelfu ya nakala na bado akawa anadaiwa na lebo gharama za studio na za video. Mtunzi hupata mrabaha wake kila wimbo unapouzwa au kupigwa redioni, na hakuna anayemuuliza ana umbo gani. Kwa mtu ambaye sura yake imekataliwa na kanda zake zimefungiwa, huo ndio mlango uliokuwa wazi.

Kambi ya Swing Mob ilivunjika katikati ya muongo. Missy na Timbaland wakabaki wawili, na mwaka 1996 wakapewa kazi ya kushiriki katika albamu ya pili ya Aaliyah, One in a Million. Aaliyah alikuwa binti wa miaka 17, anatoka katika kipindi kigumu, na watayarishaji wengi wenye majina hawakuwa na hamu ya kufanya kazi naye. Sikiliza wimbo uliobeba jina la albamu hiyo. Ngoma inakwenda kwa mshtuko, inasimama, inarudi pale usipoitegemea, na nyuma yake kuna sauti kama za nyenje usiku. Huyo ni Timbaland. Ila sikiliza pia melodi inavyopita juu ya ngoma hiyo yenye mabonde, polepole, bila kugombana nayo, kana kwamba mwimbaji hajui kwamba chini kuna vurugu. Huyo ni Missy. Mwaka huo huo alisikika katika Steelo ya kundi la 702 na katika remiksi ya wimbo wa Gina Thompson, ambamo alitoa sauti za kicheko mahali ambapo rapa mwingine angejaza maneno, na watu wakaanza kuulizana yule ni nani.

Miongoni mwa waliouliza alikuwa Sylvia Rhone, mwanamke aliyekuwa akiongoza lebo ya Elektra. Missy hakwenda kwake kuomba mkataba wa kuwa msanii. Alichotaka ni lebo yake mwenyewe, ambamo angewasaini na kuwaandikia wengine, na akaipata chini ya mwavuli wa Elektra, ikaitwa The Goldmind. Sharti mojawapo lilikuwa naye atoe albamu yake. Fikiria kinyume hicho: albamu iliyombadilisha rapa wa kike machoni pa dunia ilianza kama sharti la mkataba wa mtu aliyetaka kukaa ofisini.

Albamu hiyo, Supa Dupa Fly, ilirekodiwa kwa muda wa wiki mbili hivi na ikatoka tarehe 15 Julai 1997. Iliingia chati ya Billboard ya albamu katika nafasi ya 3, na hadi wakati huo hakuna rapa wa kike aliyewahi kuanzia juu kiasi hicho. Singo yake ya kwanza, The Rain, nimeichezea madarasa mengi na bado haijanichosha. Timbaland amechukua sampuli ya sauti ya Ann Peebles, mwimbaji wa Memphis, kutoka katika wimbo wake wa mwaka 1973 unaolalamikia mvua, akaiweka juu ya mdundo mzito unaokwenda kwa mwendo wa mtu asiye na haraka. Mwaka 1997 rapa karibu wote walikuwa wanashindana kujaza nafasi. Mistari mingi ndiyo iliyokuwa kipimo cha umahiri. Missy anafanya kinyume. Anasema sentensi fupi, ananyamaza, anaiga mlio wa gari, anaacha mvua ya Ann Peebles ipite, ndipo anarudi. Hajaribu kukushangaza kwa vina. Anaipanga sauti yake kama ala mojawapo ndani ya mdundo, na hiyo ni kazi ya mtunzi na mpangaji wa muziki kabla ya kuwa kazi ya rapa. Mdundo ule ule ungepewa rapa mwenye maneno mengi ungekufa palepale.

Video yake iliongozwa na Hype Williams, na ndani yake Missy amevaa lile vazi jeusi lililojazwa upepo, lililobuniwa na June Ambrose. Ukikumbuka kisa cha mwaka 1993, utaona vazi lile si mapambo matupu. Mwanamke aliyefichwa kwa sababu ya ukubwa wa mwili wake aliporudi mbele ya kamera aliukuza mwili huo maradufu, akacheza nao. (Nikiwa hapo hapo kwenye wimbo huu: mwezi Julai 2024 shirika la anga la Marekani, NASA, liliurusha kwa mawimbi ya redio kwenda sayari ya Zuhura. Hilo halikusaidii katika ubishi wenu, ila kaka yako hatakuwa na la kujibu.)

Albamu ya pili, Da Real World ya mwaka 1999, ina giza na ukali zaidi, na binafsi naiona ya msanii anayebeba mzigo wa kutakiwa arudie muujiza. Wimbo wake Hot Boyz ulitawala chati ya rapu kwa wiki 18, basi tuendelee. Ya tatu, Miss E... So Addictive, ilitoka mwaka 2001 na ndiyo yenye Get Ur Freak On, uliojengwa juu ya noti chache za tumbi, ala ya uzi mmoja ya Punjab, pamoja na ngoma za tabla, ukifunguliwa kwa maneno ya Kijapani. Hapa namwinamia Timbaland bila kusita, kwa kuwa kuichukua ala ile na kuifanya moyo wa wimbo wa klabu ulikuwa ujasiri wake. Lakini noti zile hazibadiliki tangu mwanzo hadi mwisho, hivyo mabadiliko yote unayoyasikia, kupanda, kutulia, kunyamazisha, kuchokoza, yanatokana na sauti ya Missy. Wimbo huo ulimpa Grammy yake ya kwanza mwaka 2002.

Katikati ya mafanikio hayo, tarehe 25 Agosti 2001, Aaliyah alifariki katika ajali ya ndege huko Bahama, na mwezi Aprili 2002 Lisa Lopes wa kundi la TLC akafariki katika ajali ya gari. Missy anawataja wote wawili mwanzoni mwa albamu yake ya nne, Under Construction, iliyotoka Novemba 2002. Ni albamu ya msiba inayochezeka, jambo ambalo watu wa pwani wanaojua ngoma za arobaini watalielewa. Anarudi kwenye hip hop ya utoto wake, miaka ya 1980, wakati watu walikwenda kwenye dansi ili kucheza, na Work It umejaa vipande vya zama hizo. Katika kiitikio cha wimbo huo anasema kwamba atakigeuza kitu nyuma mbele, na mara tu anapomaliza, mstari wenyewe unapigwa kinyumenyume, ukawa kama lugha isiyokuwapo. Mahali pengine neno la aibu limetolewa na pahali pake pamewekwa mlio wa tembo. Watu wazima kabisa waliimba maneno yale ya kinyumenyume kwa miaka wakidhani ni lugha fulani ya kigeni. Wimbo ulikaa wiki 10 katika nafasi ya 2 ya chati kuu ya Marekani, nyuma ya Eminem, na albamu ikaingia katika orodha ya kuwania Grammy ya albamu bora ya mwaka.

Sasa tufike kwenye ushahidi ambao mahakama yoyote ingeutaka: nyimbo alizozitengeneza bila Timbaland. Mwaka 1999, kundi la 702 liliimba Where My Girls At, ambao Missy aliuandika na kushiriki kuutayarisha, ukafika nafasi ya 4 kwenye chati kuu ya Marekani. Mwaka 2003 aliutayarisha So Gone wa Monica, uliomrudisha Monica katika nyimbo kumi za juu. Let It Go wa Keyshia Cole, mwaka 2007, ni mkono wake. Need U Bad wa mwaka 2008, wimbo uliomtambulisha Jazmine Sullivan, ni mkono wake pia, tena umekaa kwenye mdundo wa rege ambao hauna uhusiano wowote na Timbaland. Na katika albamu yake mwenyewe ya sita, The Cookbook ya mwaka 2005, Timbaland ametayarisha nyimbo mbili tu. Wimbo mkubwa wa albamu hiyo ni Lose Control, alioshirikiana na Ciara na Fatman Scoop. Ulifika nafasi ya 3, video yake ikapata Grammy, na mtayarishaji wake ni Missy Elliott. Aliuchukua muziki wa mashine wa Detroit wa mwanzo wa miaka ya 1980, kazi ya kundi la Cybotron, akautia kasi ya kuvunja miguu. Hii ndiyo hoja uliyokuwa ukiikosa.

Albamu ya tano nimeiruka kwa makusudi. This Is Not a Test! ilitoka mwaka mmoja tu baada ya Under Construction, na ukiisikiliza unaisikia haraka hiyo.

Inabaki hoja ya kaka yako kuhusu ukimya tangu mwaka 2005. Kwamba hakuna albamu kamili iliyofuata ni kweli. Lakini tazama Timbaland alikuwa wapi katika miaka iliyofuata. Mwaka 2006 alikuwa na Nelly Furtado na Justin Timberlake, mwaka 2007 akatoa albamu yake mwenyewe, na huenda hakuna kipindi kingine ambacho midundo yake ilisikika duniani kote kama kile. Kama Missy angekuwa amesimama juu ya midundo hiyo tu, basi hicho ndicho kipindi ambacho angetoa albamu mbili. Midundo ilikuwapo tele, na albamu haikuja. Kilichopungua hakikuwa prodyuza.

Mwaka 2008 madaktari walimgundua na ugonjwa wa Graves, ambao huifanya tezi ya shingo itoe homoni kupita kiasi. Moyo hukimbia, mikono hutetemeka, mwili hudhoofika. Alilisema jambo hilo hadharani mwaka 2011. Alieleza kwamba mguu ulimruka akiwa anaendesha gari hadi akakaribia kupata ajali, kwamba nywele zilikuwa zikimtoka, na kwamba mishipa ilimsumbua kiasi cha kushindwa kushika kalamu. Hilo la kalamu nakuomba ulisome mara mbili. Mtu ambaye tangu mwaka 1993 ameishi kwa kuandika, anayeandika za kwake na za wengine, ndiye aliyeshindwa kuishika kalamu. Kwa matibabu hali yake ilitengemaa, na tarehe 1 Februari 2015 alipanda jukwaani katikati ya fainali ya mpira wa Kimarekani, Super Bowl, kama mgeni wa Katy Perry, mbele ya watoto ambao wengi wao walidhani ni msanii mpya. Mwishoni mwa mwaka huo alitoa wimbo uliotayarishwa na Pharrell Williams, kijana mwingine wa Virginia. Mwezi Agosti 2019 akatoa Iconology, mkusanyiko mfupi wa nyimbo chache, na mwaka 2024 akafanya ziara yake ya kwanza akiwa ndiye msanii mkuu, Timbaland akiwa miongoni mwa aliowachukua.

Jambo moja bado, nalo ni la mwezi Juni 2019, miezi miwili kabla ya Iconology. Missy aliingizwa katika jumba la heshima la watunzi wa nyimbo la Marekani, rapa wa kwanza wa kike kupewa nafasi hiyo, na wa tatu kwa jumla baada ya Jay-Z na Jermaine Dupri. Jumba la heshima la rock lilimpokea miaka minne baadaye, mwaka 2023, naye akawa mwanamke wa kwanza wa hip hop kuingia humo. Mpangilio wa heshima hizo mbili unanipendeza, kwa kuwa ndio uliokuwa mpangilio wa kazi yake: kalamu ilitangulia, jukwaa likafuata.

Kuhusu kreti, hukumu yangu ni hii. Kaka yako ana haki ya chupa chache kwa ajili ya albamu mbili za mwanzo na kwa ajili ya tumbi ya mwaka 2001, mpe sita. Zilizobaki ni zako, ila umfungulie mojawapo mkiwa mnasikiliza Lose Control na So Gone kwa kufuatana, naye akueleze Timbaland yuko wapi humo.